Maji ya Ciru

Nilifika Kanduyi giza likianza kuingia, nimebeba sanduku langu la vipimo vya maji, na nilikuwa nimekasirika kabla hata sijagonga geti. Wekoye hakunipigia simu kuniuliza hali ya mama yangu. Tangu mazishi hakuwa ameuliza chochote. Alinipigia kwa sababu matumbawe ya tangi lake la nyumbani yalikuwa yanakufa.

"Shemeji Wakonyo, wewe ndiye unajua hivi vitu," alisema. "Kuja uone ni ugonjwa gani."

Ni kweli navijua. Nafuga samaki wa mapambo Kitale, na kabla ya hapo nilitunza matangi ya maji ya chumvi katika hoteli za Mombasa. Lakini huyu Wekoye alimwoa dada yangu Ciru, akaenda naye likizo Diani, akarudi peke yake. Bahari ilimchukua Ciru akiogelea na mwili haukuonekana tena. Wazee wa kwao Bumula wakafanya wanavyofanya mtu wao akikosekana. Waliweka kigogo cha mgomba ndani ya jeneza, wakakizika kwa jina lake. Mama yangu alikataa kushuka kwenye gari siku hiyo. Alisema yeye hakuzaa mgomba.

Nilienda kwa ajili ya Mary Ann, binti pekee wa Ciru. Tulikuwa tumeomba aletwe Kitale hata kwa likizo, na kila mara tulijibiwa kwamba mtoto ana kwao.

Wekoye alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda, na sikumwonea huruma. Hakuwa amewasha taa sebuleni. Mwanga wote ulikuwa wa buluu, ukitoka kwenye tangi la kioo lililojaza ukuta mzima kutoka kochi hadi mlangoni.

Kwanza nilinusa. Tangi lenye afya hunukia bahari, basi. Hili lilinuka blanketi lililolowa likasahaulika.

Watu hudhani matumbawe ni mawe, kumbe ni wanyama. Yakiugua hayalii, kwa hiyo unayasoma kwa rangi na ngozi. Niliinama nikayasoma. Ya juu yalikuwa yamepauka kabisa, nyama bado ipo lakini rangi imetoka. Hiyo ni dalili ya joto. Ya chini yalikuwa yamejikunja, yamekuwa kahawia, yanatoa ute. Hiyo ni baridi.

Nikaangalia tena. Pampu ilikuwa inazungusha maji vizuri. Maji ya tangi moja, yanayozunguka, hayawezi kuwa ya moto juu na ya baridi chini.

Nikapima chumvi. Sawa. Kalsiamu nayo sawa. Taa hazikuwa na kosa. Kisha nikagusa hita na karibu iniunguze. Mtu alikuwa ameizungusha hadi mwisho.

"Nani ameongeza hita?"

"Hakuna mtu hugusa hiyo kitu," Wekoye akasema.

"Ni mimi, Tata."

Sauti ilitoka pembeni ya kochi. Mary Ann alikuwa ameketi sakafuni, amevaa sweta ya shule, bega limeegemea kioo. Tata ndivyo sisi humwita dada ya mama.

"Kwa nini uliongeza?"

"Mama anasikia baridi."

Pampu ilikoroma... ikanyamaza... ikaendelea.

Wekoye aliketi akajishika kichwa. Alizungumza kwa kunong'ona, macho yake kwenye tangi.

"Kabla tuzike, wazee walinituma kule baharini. Nimwite jina pale alizama, nichote maji, nirudi nayo bila kusalimia mtu njiani, nimwage kwa kaburi. Ati hivyo ndiyo atafika nyumbani."

"Na ukamwita?"

"Nikamwita. Mtungi ulikuwa mzito kabla ujae, shemeji. Sasa ningemwaga mtu aje? Kwa mchanga? Nikadanganya wazee nimemwaga. Nikanunua tangi, nikachanganya hiyo maji humu. Si akae mahali anaona mtoto?"

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kulia, kwa sababu hata mimi nisingemwaga.

Nikakunja mkono wa blauzi, nikaingiza mkono wangu majini. Juu palikuwa moto. Nikashuka. Baridi ilianza ghafla, na ilikuwa na ukingo. Nikaufuata kwa vidole. Upande wa kochi palikuwa na kitu cha mviringo. Kikaingia ndani kidogo, shingo. Kikapanda, bega. Kikateremka kiunoni, kikapanda tena kwenye nyonga, kikaendelea chembamba hadi upande wa mlango. Kwa macho niliona maji matupu na samaki wawili waliojibanza juu kabisa.

Kisha baridi ile ikasogea, kama mtu aliyelala anavyokupisha kitandani.

Nilichomoa mkono. Mary Ann alikuwa ananitazama bila hofu yoyote.

"Umemsikia? Mimi humpasha joto kwa mkono kila jioni nikitoka shule."

Akavuta sweta. Mkono wake wa kulia, kuanzia vidoleni hadi begani, ulikuwa wa kijivu na umekunjamana. Niliushika. Ulikuwa baridi kama nyama ya friji. Nikaubana kwapani mwangu na haukupata joto hata kidogo.

"Hospitali walisema ni mambo ya damu," Wekoye akasema. "Wakatupatia dawa. Juzi imefika bega."

"Anamnyonya mtoto joto."

"Najua."

"Ulijua, na ukaniita kuhusu matumbawe?"

"Ningekuambia nini kwa simu, bana?"

Basi ilikuwa wazi. Maji yale ilibidi yatolewe asubuhi, la sivyo baridi ingeendelea kutoka begani kwenda kifuani. Tungeishia hapo tungekuwa watu wenye akili. Lakini nilimpigia mama yangu Kitale nikamweleza yote, naye hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Huko Bumula kuna mgomba. Ciru wangu niletee hapa alale karibu na baba yake."

Wekoye alisikia. Akasema Ciru ni mke wao, kaburi lake liko Bumula na lina msalaba. Nikamwambia msalaba wa mgomba. Akasema watu wa Kitale walikuwa na madharau tangu siku ya posa. Tuligombana kwa kunong'ona, ili mtoto asisikie, na mtoto alikuwa hapo katikati yetu akijipuliza vidole. Hadi leo nikikumbuka kunong'ona kule najichukia. Hakuna aliyemfunika hata shuka.

Mimi ndiye niliyesema tugawane.

Asubuhi Wekoye aliweka mpira wake wa kunyonyea maji upande wa kochi, mimi nikaweka wangu upande wa mlango, karibu na gari. Niliuvuta kwa mdomo. Nikaonja chumvi, na nyuma ya chumvi nikaonja mafuta ya nywele aliyokuwa akipaka Ciru tangu tukiwa wasichana. Maji yakaanza kushuka kwenye mapipa yetu mawili. Katikati ya tangi, mchanga ukatifuka wenyewe.

"Mnamkata," Mary Ann akasema.

Tuliendelea. Ningeacha mimi, Wekoye angechukua yote. Angeacha yeye, ningechukua mimi. Maji yalipokwisha, matumbawe yalibaki wazi chini ya ule mwanga wa buluu, na nyama yote ikateleza ikaanguka, ikaacha mifupa myeupe. Yote kwa wakati mmoja. Sijawahi kuona tangi likifa hivyo.

Wekoye akaelekea Bumula na Mary Ann, mimi nikapeleka nusu yangu Kitale. Mama aliimwaga mwenyewe kando ya kaburi la baba, akaomba Baba Yetu, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Diani. Wekoye alipiga simu akilia kwa furaha. Mkono wa Mary Ann ulikuwa umepata joto, hata alikuwa ameshika penseli. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha.

Kisha, jioni moja tukifungia ng'ombe, tukasikia hatua.

Zilikuwa za miguu mitupu, iliyolowa. Zilizunguka nyumba polepole, zikifuata ukuta, zikasimama mlangoni. Mama aliita, "Ciru? Ingia, mwanangu." Hakuna aliyegonga. Mama akafungua. Hakukuwa na mtu, na kizingiti kilikuwa kimelowa. Nikaonja kwa kidole. Chumvi. Hatua zikaanza tena nyuma ya nyumba, zikigonga ndoo, zikigonga kuni, kama mtu asiyeona anakokwenda. Zimerudi kila jioni. Mama huketi na taa akiziita kwa jina, nazo hazigeuki.

Nilimpigia Wekoye. Nikamweleza.

"Kwenu hutembea?" akauliza. "Huku haitembei. Hujivuta kwa nyasi. Halafu hugonga. Chini kabisa kwa mlango."

Wote wawili tulikumbuka nani aliweka mpira wapi. Nilichimba pale mama alipomwaga, nikitaka kumuunganisha Ciru hata kwa udongo. Ulikuwa mkavu kama mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Nikamwambia Wekoye amlete mtoto Kitale siku hiyo hiyo. Akasema mtoto ni wa Bumula na hatoki. Tukagombana tena, safari hii bila kunong'ona, na akanikatia simu.

Jana jioni namba yake iliniita. Aliyekuwa kwenye simu ni Mary Ann, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Tata, baba hajarudi kutoka sokoni."

"Uko wapi?"

"Kwa mlango."

"Usifungue. Nisikize, Mary Ann. Usifungue."

"Nishafungua." Nilisikia meno yake yakigongana. "Mama amesema nimbebe kwa mgongo nimlete kwenu. Anataka miguu yake."

"Wewe ni mtoto. Huwezi kubeba mtu mzima kutoka huko hadi Kitale."

Akaitikia "Ee?" mbali na simu, kama anayesikiliza mtu mwingine. Nyuma ya nyumba yetu, zile hatua zilikuwa zimesimama.

"Anasema si mzito, Tata. Ati ni nusu tu."