Ganzi ya Kidole cha Shahada

Mkewe ndiye aliyeona kwanza. Walikuwa wanakunywa chai watatu, yeye, mumewe fundi na kaka yake askari wa wanyamapori, akaona kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa mumewe hakigusi kikombe. Kilikuwa kimejikunja peke yake, kama kimeshika kitu kisichoonekana.

"Hicho kidole kimefanya nini?"

Fundi akakitazama kama cha mtu mwingine. "Hakijafanya kitu. Kina ganzi tu."

"Au nacho kinasubiri spea kutoka ng'ambo, shemeji?" akauliza askari.

Wakacheka. Mke akachomoa sindano kwenye khanga aliyokuwa anaishona, akakichoma ncha. Tone la damu likatoka. Fundi aliendelea kupuliza chai yake.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa anamkabidhi shemeji yake bunduki. Fundi alikuwa na karakana ya bunduki nyuma ya nyumba, leseni yake imetundikwa ukutani, na watu walimwamini. Bunduki hiyo ilikuwa ya bolti, lile komeo la chuma linalobeba pini na kukokwa kwa mkono, ya zamani kuliko wote wawili. Kile kipande kidogo kilicho juu ya kifyatulio, kinachoizuia pini isiruke mpaka mtu avute mwenyewe, kilikuwa kimelika. Bunduki ya namna hiyo ukiigonga tu, inalia. Kwa miezi mitatu shemeji alikuwa anakwenda porini na rungu.

Na kwa miezi mitatu fundi alitafuta spea. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, barua yake ikarudi haijafunguliwa. Muuza spea mmoja akamletea kipande cha bunduki ya ukoo huohuo lakini si yenyewe. Akakipiga tupa kidogo kidogo ili kiingie, tupa ikala chuma kupita kiasi, kikaharibika. Fundi mwenye jina hapendi kusema nimeshindwa, hasa mbele ya shemeji.

Ndipo akafungua droo ya chini.

Mle ndani, kwenye kitambaa chenye mafuta, kulikuwa na kifyatulio kizima kilichotoka kwenye bunduki ya mjane mmoja. Mwana mkubwa wa yule mama alimpiga mdogo wake risasi wakiwa mawindoni, na mpaka leo anaapa kwamba hakuvuta. Mama akaileta bunduki karakana imefungwa kwenye shuka. "Ikate yote," alisema. "Usibakize hata skrubu. Niapie." Fundi akaapa kwa jina la Mungu. Akakata mtutu, akakata bolti, akachoma kitako. Kifyatulio akakiweka, maana kilikuwa chuma kizuri. Ndivyo tulivyo waja: kiapo tunakimeza na maji, halafu tunainua mikono kuomba riziki ya halali.

Kilihitaji kusawazishwa ubavu mmoja tu. Kikaingia kwenye bunduki ya shemeji kama kilichozaliwa mle.

"Umekipata wapi?" shemeji aliuliza.

"Niliagiza." Likawa kosa la pili juu ya la kwanza.

Baada ya chai akaenda karakana kuijaribu mara ya mwisho. Chemba, pale inapokaa risasi, ilikuwa tupu. Akaigonga kwa nyundo ya mbao mara ishirini, akaidundisha kitako juu ya mpira, haikuachia. Akaitega, akailaza mezani, akaenda bombani kunawa mikono. Nyuma yake ikalia: tak.

Akageuka. Hakukuwa na mtu. Palinuka baruti na majani mabichi yaliyokanyagwa, na mle ndani hakukuwa na baruti wala jani. Akaitega tena, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua tano. Kidole chake kikajikunja taratibu, bila yeye. Tak.

Aliyaona hayo kwa macho yake, mchana kweupe. Shemeji alikuwa tayari mlangoni na begi begani. Maneno mawili tu yangetosha: si salama. Lakini baada ya hayo mawili angeulizwa kwa nini, na baada ya kwa nini angeulizwa kile chuma ni cha nani. Akamkabidhi bunduki.

"Safari njema," akasema.

Siku mbili kidole kilikaa kimya, na yeye akajiambia yamepita. Siku ya tatu alikuwa anaswali adhuhuri chumbani. Alipofika kwenye tahiyatu, mahali ambapo kidole kile huinuliwa kumshuhudia Mungu mmoja, akakiinua, nacho kikagoma. Badala ya kunyooka, kikavuta. Akatoa salamu, hajui amesoma nini. Simu ikaita.

"Shemeji," askari alikuwa ananong'ona, "imelia yenyewe. Nilikuwa nimeiegemeza kwenye mti. Risasi imepita hapa, sikioni. Mpaka sasa sisikii upande mmoja."

"Toa risasi zote. Toa na bolti."

"Nimeshatoa. Bolti ninayo mfukoni."

"Basi hakuna kitu. Bila bolti hicho ni chuma tu."

"Shemeji, kuna mtu amesimama hapa?"

"Wapi?"

"Sijui. Nasikia majani yanakanyagwa."

Fundi alitaka kumwambia aiache bunduki pale pale na akimbie, lakini kabla hajafungua mdomo harufu ile ya baruti na majani ikaingia chumbani kama mtu mwenye haraka, mapazia yametulia, mkewe jikoni anaosha vyombo, na kidole chake kikaanza kujikunja, akakishika kwa mkono wa kushoto akivute nyuma, akakivuta mpaka kifundo kikalia, wala hakusikia maumivu, kikaendelea kujikunja ndani ya ngumi yake kama kidole cha mtu mwenye nguvu kuliko yeye, na kule mbali, ndani ya simu, kwenye bunduki isiyo na risasi wala bolti, akasikia waziwazi: tak.

"Umesikia?" akauliza shemeji.

"Nimesikia."

Jioni ile fundi akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa anasomea wagonjwa. Akamweleza yote, kiapo, droo na uongo. Mwalimu akakigeuzageuza kidole, akakiachia.

"Naweza kukusomea mpaka koo likauke," alisema. "Aliyemo hakutumwa na mtu. Wewe umemfungulia mlango kwa kiapo chako. Nenda kwa aliyekuapisha."

Kesho yake, baada ya alasiri, fundi na shemeji, aliyekwisha kurudi kutoka porini, wakaingia uani kwa yule mjane, bunduki imefungwa kwenye gunia. Mwana mkubwa alikuwa kwenye kigoda anamenya viazi. Aliliona gunia, akainamisha kichwa, akaendelea kumenya. Fundi akasema kosa lake mbele yao wote.

"Baada ya msiba kidole cha huyu mwanangu kilikauka," mama alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka mzima nilikuwa namkatia nyama. Siku ile nilipokuletea bunduki, kikafunguka. Nikasema, Alhamdulillahi, fundi amekata."

"Nisamehe, mama."

"Kata kwanza."

Fundi akakichomoa kifyatulio kwenye bunduki, shemeji akakishika kwa koleo, na hakuwa na utani mdomoni. Fundi akaanza na msumeno wa chuma. Kidole kilijipinda kwenye mpini, kikavuta kila asipotaka, harufu ya majani ikajaa uani ingawa pale palikuwa sakafu tupu, naye akasukuma na kusoma aya, akasoma na kusukuma, jasho linamwingia machoni, hadi chuma kikakatika vipande viwili na msumeno ukateleza ukamkata kidole.

Kikauma. Kiliuma mpaka akapiga magoti. Akakinyoosha, kikanyooka. Akaanza kucheka na kulia pamoja, akakibusu na damu yake.

Kisu kikaanguka kwenye sufuria la viazi.

"Okota kisu," mama akamwambia mwanawe.

"Siwezi kukishika, mama."

"Jaribu."

Kijana akautoa mkono majini. Vidole vinne vilifunguka. Cha shahada kilibaki kimejikunja. Mama akakichukua, akajaribu kukinyoosha polepole, kama mtu anayemfungua mtoto ngumi.

"Inauma?"

"Sisikii kitu."

Mama hakumfokea fundi. "Siku uliponiapia, huyo aliyekushika kidole alikuwa kwenye chuma," alisema. "Ungekata, angekwisha nacho. Leo chuma kilikuwa kitupu. Alikuwa kwako, na wewe umemfukuza. Amerudi kwa anayemjua."

"Mama, nitafanya lolote."

"Nendeni tu. Chukua shemeji yako, Mungu amekuachia."

Akamwinua mwanawe, akaketi kwenye kigoda chake, akakichukua kisu, akaendelea kumenya.

Njiani maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Shemeji akatoa leso, akamwambia afunge lile jeraha. Fundi akatikisa kichwa. Akakiacha kidole kiendelee kuuma.