Kutu ya Vidole Vitano

Mzee aliyeuza lile guruneti pale Louisville hakutoa mkono wa kulia mfukoni hata mara moja. Alipokea hela kwa kushoto, akafunga mzigo kwa kushoto na meno. Leopoldi, ambaye kwao Burundi kupewa kitu kwa kushoto ni tusi, alimeza hasira kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa kizuri. Ndivyo balaa linavyoingia, jamani: unaona kasoro, halafu tamaa inakuambia nyamaza.

Leopoldi alikuwa akikusanya maguruneti ya zamani ya mazoezi, yale ambayo askari wa Marekani walijifunzia kurusha. Ni chuma tupu, kimetobolewa chini kuonyesha hakina kitu ndani. Katika gereji yao ya Westerville, kando ya Columbus, aliyasugua kwa brashi ya waya, akayapaka mafuta, akayapiga rangi ya bluu na kuyapanga kwenye ubao wenye kioo. Mkewe, Kostansia, aliona ni wazimu. Wote wawili walikulia kambi ya wakimbizi Tanzania kwa sababu ya vitu vya namna hiyo.

"Zamani vilinikimbiza," Leopoldi alimwambia. "Sasa mimi ndiye ninayevipangusa vumbi. Niache nifaidi."

Jibu hilo lilimfurahisha Kostansia, akaacha kubisha.

Basi, guruneti lile la Louisville likasuguliwa, likapigwa bluu, likang'aa. Kesho yake kutu imerudi. Tena si kila mahali. Ilikuwa na umbo la mkono, vidole vinne upande mmoja na gumba upande wa pili, kama vile kuna mtu alikesha amelishika. Leopoldi akasugua tena. Kutu ikarudi palepale, na gereji ikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Alasiri moja ya theluji, Leopoldi amelala akisubiri zamu yake ya usiku ghalani, Kostansia alikuwa jikoni anachambua maharage. Akasikia kwenye mlango wa gereji: "Hodi."

Maskini, ni miaka mingapi hajalisikia neno hilo! Huku watu wanabonyeza kengele, au wanatuma meseji kwamba wako nje. Kambini hodi ilipigwa kutwa nzima, na mtu aliitikia bila hata kuinua kichwa. Mdomo ukamtangulia.

"Karibu!"

Mlango ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Ila harufu ya nywele zilizoungua iliingia jikoni, ikampita Kostansia begani, ikavuka sebule bila haraka, ikaanza kupanda ngazi, na kila ngazi ikalia kama inavyolia ikikanyagwa na mtu mzima mwenye buti, moja baada ya nyingine, mpaka mlango wa chumba alicholala mumewe.

Kostansia alipanda mbio, akamkuta Leopoldi amekaa kitandani, jasho linamtoka, ngumi ya kulia ameikaza.

"Usiniguse," alinong'ona. "Nimelishika. Nikiachia, tunakufa sote."

"Umeshika nini, mume wangu? Si mkono mtupu huo!"

"Anasema nisiachie. Yuko hapa, sikioni."

Ngumi haikufunguka siku hiyo wala zilizofuata. Kucha zilimchana kiganja. Daktari alisema ni vita vya zamani vinamrudia, akaandika vidonge. Lakini vidole viligeuka rangi ya kutu, na kutu ikavuka kiwiko ikipanda. Kostansia alijua kwamba ikifika moyoni, yeye ni mjane.

Akampigia simu Mama Cibalonza, Mkongomani wa Buffalo ambaye maombi yake yalijulikana hadi huku.

"Donc, ni weye ulimuambia karibu?"

"Ni mimi, mama."

"Bon. Wenye tunafukuzaka ni wale wanaingia kwa nguvu. Huyu ni mugeni wako. Mimi nitaomba huku, weye umusindikize. Umubebee muzigo, umurudishe njia yenye alikuya nayo. Na asione unaogopa."

"Kuogopa?" alisema Kostansia. "Mama, mimi nina hasira."

Alilifunga guruneti kwenye kitenge chake kizuri, kama mzigo wa mgeni wa heshima, akasimama mlangoni. "Haya mgeni, umekaa ya kutosha. Twende nikusindikize."

Aliendesha gari mwenyewe, Leopoldi pembeni na ngumi yake, na njia nzima kuelekea Louisville kitu kiligonga ndani ya buti la gari, hodi, hodi, mara kwa sauti ya mama yake aliyezikwa kambini, mara kwa kilio cha kitoto kichanga, na kila kilipogonga Kostansia alikanyaga mafuta zaidi.

"Karibu ulishapewa," alijibu. "Sasa ni kwaheri."

Yule mzee alikuwa palepale kwenye soko la vitu vya kale. Kuona tu ngumi ya Leopoldi na guruneti ndani ya kitenge, akatoa mkono mfukoni. Ngumi iliyokazwa, rangi ya kutu.

"Liligonga, nikasema ingia," alisema kwa Kiingereza, machozi yanamlenga. "Nimeliuza, lakini halijaniacha."

"Kwa sababu hukuliaga," alisema Kostansia. "Kuuza si kuaga. Inuka, twende."

Walishuka watatu hadi ukingo wa mto Ohio. Kostansia alifungua kitenge. Chuma kilikuwa cha moto, naye hakukiachia mpaka amalize kukiaga.

"Mwisho wa kukusindikiza ni hapa. Wasalimie huko kwenu. Kwangu usirudi."

Akarusha. "Tunakufa!" Leopoldi alipiga kelele, na vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja. Hakuna kilicholipuka. Yule mzee alikuwa anakitazama kiganja chake na kulia kwa sauti.

Leopoldi hakuutupa ubao wake. Aliacha tu msumari mmoja bila kitu.

Majira ya kuchipua yalipofika, jioni moja wakiwa mezani, mlango wa gereji ukagongwa. "Hodi. Kostansia, nifungulie, mikono imejaa." Ilikuwa sauti ya Leopoldi. Naye Leopoldi alikuwa amekaa mbele yake, tonge mkononi, limeishia hewani. Vidole vyake vikaanza kujikunja.

Kostansia akavifunika kwa mkono wake.

"Mwenye sauti hiyo yuko hapa anakula," alijibu, kwa sauti ya kufika gereji nzima. "Wewe nilishakuaga!"

Kisha akamwambia mumewe ale, ugali unapoa. Leopoldi akala, kwa mkono wa kulia.