Dakika Nne za Kiogora

Nilikuwa nimebeba sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, na chupa ya chai, mtoto wangu Nduta akiwa mgongoni. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mpunga, na vyura wa mfereji walikuwa wameanza kelele zao.

Mume wangu, Gatimu, ni mpiga gitaa. Bendi yao ya roki inarekodia katika stoo moja nyuma ya kinu cha mpunga, hapa Wang'uru. Wamepanga magunia ya makapi ukutani hadi juu kabisa, kwa sababu makapi humeza sauti. Ukipiga mayowe ndani, aliye nje hasikii.

Zamani walikuwa watatu. Kiogora, mwimbaji wao aliyetaka kuhama bendi, aliokotwa mferejini mwezi wa pili akiwa amekatwa koo, shati lake la njano halipo. Tuliambiwa ni wezi.

Sasa walikuwa wanamaliza albamu bila yeye. Wimbo wa mwisho ni wa dakika kumi na nane, na katikati walimwachia dakika nne. Hakuna mtu wa kuimba hapo. Ni gitaa na ngoma tu, za kumkumbuka.

"Mama Nduta, umetuokoa," alisema Griffins, mpiga ngoma, akifunua sufuria. "Huyu bwana yako ameniambia ati leo tutakula gitaa."

Gatimu hakucheka.

"Lakini sikiliza hii kwanza," Griffins akaniambia, akinipa hedifoni. "Wewe ni mtu wa kwaya. Niambie kama ni masikio yangu ama kuna kitu."

"Wacha hiyo," Gatimu alisema. "Ni mashine."

Nilikuwa nimeshazivaa. Nikasikia gitaa. Nikasikia ngoma. Halafu zikaanza zile dakika nne...

Mtu alikuwa anapumua.

Pumzi zenye maji, kama za koo lililokatwa. Kisha sauti niliyoijua, chini sana.

"Gatimu, wacha. Siendi tena. Nitabaki na nyinyi..."

Nikavua hedifoni. Sauti haikunyamaza.

Ilikuwa inatoka ukutani.

Gunia moja la chini likapasuka. Makapi yakamwagika, yamelowa, mekundu. Harufu ya damu ikajaa stoo. Katikati ya makapi kulikuwa na shati la njano la Kiogora.

"Gatimu," Griffins akanong'ona. "Hiyo ni nini?"

Waya wa maiki ukainuka sakafuni. Hakuna aliyeushika. Ukamzunguka Gatimu shingoni mara moja, mara mbili, ukamburuta hadi kwenye magunia. Griffins alijaribu kuuvuta, ukamtupa juu ya ngoma zake. Nikasikia mkono wake ukivunjika.

Mdomo wa Gatimu ukafunguka. Damu ikamtoka.

Na ndani yake Kiogora akaimba.

Aliimba dakika nne kamili, taa ya kurekodi ikiwaka. Nduta hakulia hata kidogo.

Waya ulipolegea, Gatimu alianguka. Hakuweza kusema. Alinyoosha kidole kwenye shati, kisha kwa mtoto. Nilimwelewa: ushahidi upotee. Nduta hana baba mwingine.

Griffins alikuwa amezimia. Nilitoka na lile shati, nikalitia kwenye jiko la makaa la mlinzi wa kinu. Lilichelewa kuungua. Lilinuka kama nyama.

Griffins alipozinduka alikuta makapi tu.

"Shati liko wapi?" aliniuliza, ameshika mkono wake.

"Shati gani?" nikasema.

Albamu imetoka. Watu wanazisifu zile dakika nne na kuuliza mwimbaji mpya ni nani. Gatimu hasemi tena, koo lake lilisagika. Griffins alirudi kwao Nyeri na hashiki simu zangu.

Jana nilikuwa nafua. Jirani yangu Wakonyo alikuwa kizingitini, anasikiliza ule wimbo kwa simu.

"Mama Nduta, kuja usikie," akasema. "Hapa mwisho wanakutaja. Anauliza ati, Mama Nduta, shati langu liko wapi?"

Niliinama juu ya beseni, nikaendelea kusugua. Maneno hayo hayakuwa kwenye wimbo.

Mgongoni, Nduta akaanza kupumua... kama ana maji kooni.