Umenikadiria Vibaya

Kioo kilitoka na ukungu. Mama Nyuzi alikifuta kwenye upindo wa gauni lake, akakiingiza tena ndani ya tundu la gitaa ili aone kama mbao za ndani zimepasuka, akakitoa. Ukungu tena, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto. Akalaumu joto. Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo mtaa mzima hulala, na yeye alikuwa amemgeuza mgonjwa kitandani tangu alfajiri. Mtu aliyechoka namna hiyo hana nguvu ya kuwaza majini.

Mtaani walimwita Mama Nyuzi kwa sababu katika chumba cha mbele cha nyumba yake aliuza nyuzi za gitaa na magitaa yaliyokwisha kutumika. Kazi ya kuyatambua alifundishwa na mumewe, aliyekuwa mwimbaji wa bendi mpaka kiharusi kilipompiga upande mmoja na kuondoka na ulimi wake. Sasa mume alilala chumba cha nyuma, pazia katikati, akizungumza kwa macho.

Gitaa lenyewe lililetwa asubuhi hiyo na mwanamke mwembamba aliyejitanda mtandio hadi mdomoni. Hakupatana bei. Aliponong'ona, sauti yake ilikwaruza kama karatasi inayokunjwa.

"Chochote, dada. Nipe chochote."

Mama Nyuzi alilikagua kwa mazoea. Akatazama ukingo wa tundu: tabaka tatu za plaiwudi, si mbao nzima. Akagonga mgongo kwa kifundo cha kidole, likalia kama kasha la viatu. Shingo ilikuwa imepinda, nyuzi zimesimama juu mno, za kumkatakata vidole anayejifunza. Jina la kiwanda lilikuwa limekwanguliwa, na ndani, mahali pa lebo, palibaki gundi tupu.

"Hili ni la kujifunzia, tena la bei ya chini kabisa," alisema huku akipiga miayo. "Halifai hata kuni. Nakupa kidogo kwa ajili ya hivi vikaza nyuzi tu, bado vizima."

Mwanamke alipokea, akatoka karibu anakimbia.

Na sasa, Mama Nyuzi alipokuwa akikifuta kioo kwa mara nyingine, uzi mnene ulilia. Hakuna aliyeugusa. Mlio ulikuwa mmoja, mrefu, na kabla haujafa, sauti ya mwanamume ilisema nyuma ya pazia:

"Umenikadiria vibaya."

Kioo kilimponyoka. Alipofika chumbani alimkuta mumewe amelala vilevile alivyomwacha, macho wazi.

"Umesema? Ni wewe umesema?"

"Umenikadiria vibaya," mume alirudia, kwa sauti ile ya zamani, nzito, isiyo na kikwazo.

Mama Nyuzi akapiga magoti. Asubuhi ile, akimfulia mashuka, alikuwa amejiuliza moyoni, mpaka lini? Akadhani amesikika.

"Nisamehe, baba. Ni uchovu tu. Nisamehe."

Wifi yake alipofika jioni akamkuta kaka yake anaimba, alipiga vigelegele hadi majirani wakajazana dirishani. Kesho yake walileta viti. Sauti ilikuwa nzuri kuliko hata ile ya ujana wake, na kila mtu alisema Mama Nyuzi sasa atapumzika. Hakupumzika. Nyumba ilianza kunuka nywele zilizoungua, hata baada ya kupiga deki na kufungua madirisha yote. Mume aliimba lakini hakumeza. Uji ulimtiririka shingoni. Vidole vya mkono wake mzima vilitoka mistari myekundu kwenye ncha, kama vya mtu aliyebana nyuzi kutwa, ilhali mkono ule ulikuwa juu ya blanketi muda wote.

Halafu akaja mteja, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akitaka gitaa la rahisi la kumwepusha bintiye na simu. Akalichukua lile lisilo na lebo, akaliweka pajani.

"Mwambie aniweke chini," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Fundi cherehani aligeuka polepole. "Mzee ananiona vipi, na pazia limefungwa?" Kisha akafikiri tena. "Mama Nyuzi... kasema 'aniweke'?"

Aliliacha juu ya kiti na kwenda zake, hakuaga.

Mama Nyuzi alifunua pazia. Mumewe alikuwa anacheka, mdomo wote, hata ule upande uliokufa, na juu ya kicheko kile macho yake yalikuwa yanalia, yakimtazama yeye, kisha yakitazama kitini lilipokuwa gitaa, kisha yeye tena, kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoungua anavyomwonyesha aliye nje ufunguo ulipo.

"Njoo ukae nami, mke wangu mpenzi," mdomo ulisema.

Ndipo mwili ulipomsisimka. Miaka yote ya ndoa yao mume yule hajawahi kumwita mpenzi. Alimwita "wewe", na siku akifurahi sana, "wewe mama wewe".

Wifi alipinga mganga kuitwa. "Kaka yangu anazungumza, na wewe unataka anyamaze? Umechoka kumhudumia, sema!"

"Nimechoka, ndiyo," alijibu Mama Nyuzi kwa sauti ya chini. "Lakini mtazame macho, wifi. Acha kusikiliza, mtazame macho."

Wifi alitazama, akakaa chini.

Mganga aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kikohozi na mfuko wa plastiki, na jambo la kwanza aliloomba ni kiti, maana miguu ilimuuma. Aliliangalia gitaa kwa mbali.

"Aliyekuuzia alikuwa na sauti?"

"Ya kunong'ona tu."

"Ndivyo anavyowaacha. Jini huyu humwazima mtu sauti tamu, na siku akihama huondoka na ile ya mtu mwenyewe."

"Ya kaka ilishakwenda," alisema wifi.

"Haijaenda. Imelala." Akakohoa. "Ulipolinunua ulisema nini?"

"Kwamba halifai hata kuni."

"Basi anangoja utengue neno. Mjuzi wa bei ni wewe. Ukimsifu, amepata nyumba ya kudumu. Lifungue, umwambie kweli, na usinyamaze hata akikulilia."

Mama Nyuzi alilegeza nyuzi, akazitoa mmoja mmoja, na kila uzi ulipotoka mtu alikohoa nyuma ya pazia. Akapasha kisu moto, akakichomeka mahali mgongo ulipogundishwa na ubavu. "Plaiwudi," alisema. "Tabaka tatu." Nyuma ya pazia sauti ikaanza kumwimbia, taratibu, wimbo ambao hajapata kuusikia lakini ulioyajua mambo yake yote, jinsi alivyojifungia chooni ili alie peke yake, jinsi alivyozoea kula amesimama, ukamwahidi mume atakayeamka kesho na kutembea, mume atakayemshukuru, aseme tu neno moja, kwamba hili ni gitaa zuri, neno moja dogo ambalo wafanyabiashara wote huwadanganyia wateja bila hata kuwaza, na mikono yake ikalegea, kisu kikasimama, naye kweli akafungua mdomo alitamke, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amemwahidi kupumzika kwa muda mrefu sana.

"Wifi!" wifi alinong'ona, akamshika bega. "Shingo. Sema habari ya shingo."

"Shingo imepinda," alisema Mama Nyuzi, machozi yakimdondokea mikononi. "Gundi ya kiwandani. Huna thamani kwangu."

Mgongo ukabanduka. Ndani hamkuwa na kitu. Pumzi ya moto ilimpita usoni ikinuka nywele zilizoungua, pazia likavimba kuelekea nje, dirisha likagonga ukuta, na nyumba ikanyamaza.

Mganga alilichoma gitaa uani, akaomba maji ya kunawa, akaenda. Majirani walikuja kuchukua viti vyao. Wengine walisema Mama Nyuzi ana roho ngumu; yeye alikuwa na mashuka ya kufua.

Mume alirudi kwenye ukimya wake, na kazi ikarudi ilivyokuwa, kumgeuza, kumwosha, kumlisha. Ila sasa alimeza. Usingizi wa mchana ulimjia, na aliamka bila hofu machoni.

Asubuhi moja Mama Nyuzi alikuwa amemwinamia, akimbadilishia fulana, aliposikia sauti. Alisimama na fulana mkononi. Alisikiliza kama alivyosikiliza mbao maisha yake yote, akingoja kujua kama itakuwa tamu.

"Mma... mmaa... ji."

Haikuwa tamu. Ilitoka imepasuka, imeinama upande mmoja kama mdomo wenyewe, na mate juu yake. Mume akavuta pumzi, jasho likamtoka kwa kazi ile.

"We... we," alisema. "Ma... ji."

Mama Nyuzi alikaa pembeni ya kitanda, akacheka hadi akalia. Kisha akaenda kumletea maji.