Kimondo Mwema na Kimondo Msaliti

Umati uliofurika mbele ya ukumbi wa mji wa Tabora ulimsukuma Fakhria, akamkanyaga kijana mmoja aliyevaa suruali ya bugaluu na shati jekundu la kubana.

"Taratibu, bibie! Mguu huu ndio utakaosimamisha treni."

"Basi ungeuacha nyumbani," Fakhria akajibu, akivuta buibui lake huku akizuia kicheko.

Huyo alikuwa Nassibu, fundi cherehani aliyekuja kujaribu bahati yake. Watengeneza filamu kutoka Dar es Salaam walitafuta waigizaji wa Kimondo, shujaa mwenye nguvu za ajabu. Katika filamu Kimondo walikuwa wawili, kila mmoja kutoka dunia yake: mwema aliyekilinda kijiji cha Ujamaa, na msaliti aliyelichoma ghala la kijiji hicho. Fakhria alimsindikiza kaka yake, Salmini, aliyeitamani nafasi ya yule mwema kupita kiasi.

Majaribio yakaendelea, na mapenzi nayo. Nassibu akawa anapiga simu dukani kwa baba yake Fakhria.

"Duka liko wazi?"

"Limefungwa."

"Na moyo?"

"Sema upesi, mpenzi. Baba anakuja."

Siku ya uamuzi, Fakhria alimpelekea kaka yake chai. Akiwa mlangoni alimsikia mwongozaji, Bwana Raymundi, akisema, "Nassibu, wewe na Salmini mmelingana. Watu wakiwatazama, nani wataamini ni msaliti?"

Nassibu alitazama chini. "Salmini. Ni Mwarabu. Hawatahitaji kuelezwa."

Fakhria alimvizia nje. "Kaka yangu kazaliwa hapahapa, kama wewe!"

"Ni filamu tu, kipenzi. Ikiisha, tutacheka sote."

Alitaka kumwamini, kwa hiyo akamwamini, asimwambie kaka yake aliyoyasikia. Salmini naye aliikubali nafasi aliyopewa, akaiigiza kwa moyo wote. Filamu ilipoonyeshwa uwanjani, watu walimbeba Nassibu mabegani. Salmini alizomewa tangu alipotokea.

Asubuhi iliyofuata, Salmini alikwenda sokoni kununua mchele. "Mchoma ghala huyo!" mtu akapayuka. Wengine wakacheka, kisha kicheko kikageuka mawe. Aliletwa nyumbani kwa mkokoteni, kanzu imelowa damu. Madaktari hawakuweza kuliokoa jicho la kushoto.

Simu ililia kutwa nzima, Fakhria hakuipokea. Hatimaye Nassibu akaja mwenyewe, mnyonge, ndevu hazijanyolewa.

"Nataka kuleta posa," alisema barazani. "Nitawaambia watu wote kwamba nilikosea."

"Ulipoulizwa, ungeweza kusema, 'Mimi.'"

"Nilitaka mno kuwa yule mwema, Fakhria."

"Najua." Machozi yalimbubujika, hakuyafuta. "Na mimi nilitaka uwe yeye. Ndiyo maana nilinyamaza."

"Bado unanipenda?"

"Nakupenda. Lakini nikikaa nawe meza moja, Salmini atakaa wapi?"

Fakhria hakungoja jibu, akaingia ndani. Mama alikuwa anafunga mizigo. Walikuwa wanahamia Bukene kwa mjomba, ambako hakuna aliyeiona filamu ile. Akaufunga mlango taratibu, akasikia hatua za Nassibu zikienda zikisita, zikienda tena.

Kisha akamkimbilia kaka yake, aliyekuwa akipapasa ukuta ashuke ngazi, maana alikuwa bado hajazoea kuipima dunia kwa jicho moja.