Usingizi wa Wiki ya Mbalamwezi

Mwamvua alikuwa akilala darasani, na kila alipolala alichapwa. Aliyeandika jina lake ili achapwe ni Dainess, kiranja wa darasa la saba, ambaye alikaa naye dawati moja. Hali hiyo ilidumu kuanzia Januari mpaka Mei mwaka 1997, na watu wazima walikuwa wakiiona.

Shule yao ilikuwa katika kijiji cha wavuvi, kusini kidogo ya Ilagala, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mtoto kusinzia darasani pale hakukumshangaza mtu. Wiki za giza, mitumbwi hutoka jioni na taa za karabai kuvua dagaa, na alfajiri watoto huamshwa kwenda mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, kuanika. Wakifika shuleni macho yao ni mazito na mikono inanuka samaki. Mwalimu Walter, mwalimu mkuu aliyehamishiwa pale kutoka Mbeya, alishindwa kupambana na jambo hilo, akaweka sheria yake. Wiki za giza anayesinzia anasamehewa. Wiki ya mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi inabaki ufukweni na watoto wanalala usiku kucha. Basi anayesinzia wiki hiyo ni mvivu. Kiranja aandike jina, fimbo mbili.

Mwamvua alikwenda kinyume na wote. Wiki za giza, wenzake wakiwa wamelaza vichwa kwenye madawati, yeye alikuwa macho, ananyoosha kidole na kufanya hesabu zote. Mbalamwezi ikiingia, kabla ya kipindi cha pili alikuwa hajijui.

"Unatufanyia makusudi," Dainess alimwambia siku moja, kalamu mkononi. "Wiki iliyopita ulikuwa macho kuliko mwalimu."

"Andika tu," Mwamvua alijibu.

"Kwao Zaire mwezi unatoka mchana," Kurwa alisema kutoka nyuma, na darasa zima likacheka. Dainess naye alicheka. Kisha akaandika.

Mwamvua alikuwa amevuka ziwa mwaka uliotangulia, vita vilipofika kwao ng'ambo. Waliovuka naye wengi walipelekwa kambini. Yeye alibaki kijijini kwa shangazi yake, Semeni, aliyekuwa ameolewa pale miaka mingi. Hakuwa msumbufu. Alikuwa kimya tu, na mtoto akiwa kimya watu hudhani ametulia.

Mwisho wa Mei, Mwalimu Walter alisimama mbele ya darasa na fomu za mtihani wa kumaliza shule. Alisoma majina yote isipokuwa moja.

"Mwamvua sikuandikishi," alisema. "Siwezi kupeleka mtu akalale kwenye chumba cha mtihani. Atatushusha wote."

Mwamvua hakulia. Alikusanya madaftari yake matatu akaenda nyumbani. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa vilevile. Dawati likawa la Dainess peke yake, na hakufurahia nafasi hiyo. Kila alipotazama pembeni alikasirika, bila kujua anamkasirikia nani.

Jioni ya siku ya pili alimkuta baba yake, Dismasi, ameketi uani akishona wavu uliochanika. Dismasi aliacha shule darasa la nne na hakuwa na maneno mengi.

"Baba, Mwamvua kafutwa kwenye mtihani. Na ni kosa lake mwenyewe. Wiki ya giza macho, mbalamwezi analala. Nani hufanya hivyo?"

Dismasi aliacha kushona. "Rudia."

Dainess akarudia.

"Sasa mbalamwezi usiku anafanya nini?"

"Sijui."

"Mwana wanje," alisema kwa Kiha, yaani mwanangu, "umekaa naye miezi mitano dawati moja. Hujamwuliza?"

"Kazi yangu ni kuandika majina, Baba."

"Na mwalimu?"

"Kazi yake ni kuchapa."

Dismasi akauweka wavu chini. "Vaa kandambili. Twende."

Nyumba ya Semeni ilikuwa karibu na mwalo. Semeni aliposikia swali la Dismasi alikaa chini palepale mlangoni.

"Hatimaye mtu ameuliza," alisema. "Huyu mtoto mbalamwezi halali kabisa. Anakaa dirishani akisikiliza mpaka kunakucha. Mwezi wa pili nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza. Akaniambia kila mtoto wa ng'ambo ana hadithi yake. Majirani nao wakasema ni majini, tukamfukizia ubani. Ningefanya nini tena, shemeji?"

Mwamvua alikuwa ameegemea mlango wa ndani. Dainess alimsogelea.

"Unasikiliza nini dirishani?"

Mwamvua alikaa kimya muda mrefu. Dainess alitaka kuuliza tena, lakini baba yake akamwonyesha kwa mkono asubiri.

"Injini," Mwamvua alisema. "Wiki za giza taa zimejaa ziwani, injini nyingi, najua ni wavuvi. Nalala. Wenye bunduki walikuja kwetu mbalamwezi. Ziwa kimya, injini moja tu. Miye nalisikia wa kwanza. Nikasema ni wavuvi, nikalala tena." Akageukia dirisha. "Mama hakuamka. Miye ndiye nalisikia."

Dainess alishikilia mlango.

Asubuhi Dismasi na Semeni waliingia ofisini kwa Mwalimu Walter. Dainess alisimama nje ya dirisha, akasikia yote.

"Mzee, mimi ni mwalimu, si daktari," alisema Mwalimu Walter.

"Nani kakwambia uwe daktari? Tunasema ungemwuliza mtoto," Dismasi alijibu.

"Nina wanafunzi mia tatu na walimu watano."

"Kumchapa ulipata nafasi."

Mwalimu Walter alifungua droo, akaifunga. "Fomu zimeondoka jana na boti ya Kigoma," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaandika barua wilayani, lakini nawaambia ukweli, hawatamwingiza."

Aliandika barua. Hawakumwingiza.

Kilichofuata kingewezekana tangu Januari, na hilo ndilo lililowauma. Semeni alimpeleka Mwamvua zahanati kwa Nesi Agnesi, aliyekuwa amefundishwa kuwasaidia watoto waliokimbia vita. Kila Jumanne walikaa pamoja wakazungumza. Wiki za mbalamwezi Mwamvua alihamia kwa kina Dainess, mbali kidogo na maji. Dismasi alimwambia jinsi wavuvi wanavyofanya wakiwa ziwani.

"Kwenye mtumbwi hatukeshi wote. Mmoja anasikiliza, wengine wanalala. Wiki hii mimi silali, nashona nyavu. Zamu ya kusikiliza ni yangu. Yako imekwisha."

Usiku wa kwanza hakulala. Wa pili hakulala. Wa nne alilala mpaka jogoo akawika, na mama yake Dainess akakataza mtu asimwamshe. Haikuwa dawa ya siku moja. Mpaka Desemba bado kulikuwa na usiku ambao alirudi dirishani.

Mwamvua aliporudi darasani, Nesi Agnesi alikuja shuleni akazungumza na walimu na darasa la saba pamoja.

"Mtoto akibadilika, akinyamaza, akilala wakati usio wake, kuna sababu," alisema. "Huenda ni uvivu. Lakini huwezi kujua kabla hujamwuliza, na ukimwuliza, subiri jibu. Ukishindwa kumsaidia, mlete kwangu. Wewe kiranja una macho. Mwenzako akiwa hivi, usiandike jina ukaishia hapo. Njoo umwambie mtu mzima, na wa kwanza asiposikia, mwambie wa pili."

Mwalimu Walter alikuwa amesimama nyuma ya darasa. Mbele ya wote alisema, "Mwamvua, nilikukosea."

Dainess alifanya mtihani mwaka huo. Mwamvua alirudia darasa la saba mwaka uliofuata, akakaa na watoto wadogo kwake, akafaulu.

Kutomwuliza kuligharimu miezi mitano ya kukesha. Kuligharimu fimbo thelathini na nne, na siku kumi na moja za kukaa nyumbani bila shule. Na mwaka mmoja mzima, ambao hakuna aliyeweza kumrudishia.