Jibu la Zuberi Kalonda

Jumatano ya tarehe kumi na nne Aprili 1954, Mwanvua binti Amisi alikuwa ndani ya nyumba yake kule Kabambare akichambua mchele. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na sasa jua lilikuwa linakausha bati. Uani Subira, shangazi wa marehemu mumewe, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mwanvua, ambaye alikuwa mdogo wa mama yangu, alikuwa katika wiki ya nne ya eda. Hakutoka nje, wala hakuonana na mwanaume.

Faradji, tarishi wa posta, alijua adabu hiyo. Alisimama mbali na mlango.

"Hodi, mama. Iko barua ya Kasongo."

"Ya nani?"

Faradji aliigeuza bahasha mkononi. "Iko na jina ya marehemu."

Subira aliipokea akaileta ndani. Juu ya bahasha paliandikwa kwa herufi nzuri: Bwana Zuberi Kalonda, Karani wa Ghala la Pamba, Kabambare.

Zuberi Kalonda alikuwa amekufa tarehe kumi na nane Machi, kivukoni Luama, akiwa safarini kwa miguu kwenda Kasongo. Mwandishi wa barua alilijua hilo. Alikuwa Théophile Lukonga, msimamizi wa kundi la wachezaji wa maigizo katika serkle, klabu ya wasomi wa Kasongo, na ndiye aliyemwita. Zuberi alikuwa mchezaji wake bora. Mapema mwezi ule wa Machi alimwandikia kwamba ana homa, akaomba ruhusa ya kukosa mazoezi. Théophile akajibu kwamba mgonjwa wa kweli haandiki barua nzuri namna hiyo: aje, au nafasi yake apewe mwingine. Kamyo, yaani malori, zilikuwa zimekwama kwa matope. Zuberi akafunga mzigo mdogo, akaondoka.

Sasa Mwanvua alisoma barua mpya:

"Bwana Kalonda, kwa kuwa umeacha kundi bila ruhusa, jina lako limefutwa daftarini kwa wino mwekundu, na mbele yake limeandikwa neno mtoro. Unaamriwa kurudisha karatasi ya maneno yako haraka. Mchezo utafanyika Jumapili tarehe mbili Mei mbele ya Bwana Mkubwa, mtawala wa teritware."

Mwanvua aliisoma mara mbili. Kisha akaanza kuchambua mchele tena, lakini sasa alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe.

"Anaandikia mayiti," alisema. "Anaandikia mayiti ili asimuandikie mjane. Akiniandikia miye, itabidi aseme mume wangu alikufa wapi, na nani alimwita."

Karatasi ile ilikuwa moja tu. Ndivyo kundi la Kasongo lilivyofanya kazi: kila mchezaji alipewa karatasi yake peke yake, yenye maneno ya mwisho ya mwenzake na maneno yake mwenyewe. Karatasi ilikuwa adimu, na Théophile hakutaka mtu ajue mchezo mzima ila yeye. Katika mchezo huu Théophile alikuwa hakimu, Zuberi msafiri aliyeshtakiwa. Hakimu anauliza: "Nani aliyekutuma njiani?" Hapo msafiri anajibu kwa hotuba ndefu, ambayo Zuberi aliitunga mwenyewe na hakuna mwingine aliyeijua kwa moyo. Isipokuwa Mwanvua. Kila siku baada ya kazi Zuberi alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mke akasoma swali la hakimu, na yeye akasafisha koo, akajibu.

Mwanvua alichukua kalamu. Subira alisimama mlangoni na mchi mkononi.

"Mwenye eda anaandikia mwanaume?"

"Simwandikii mwanaume. Namwandikia Théophile."

Subira aliuma mdomo asicheke. Barua ilikuwa fupi. Mwanvua aliandika kwamba Zuberi Kalonda hakutoroka, alikufa njiani kwa kutii. Neno mtoro lifutwe, na Théophile aseme mbele ya kundi zima kwamba ndiye aliyemwita mgonjwa. Siku hiyo atapata karatasi.

Jibu lilifika baada ya wiki moja. Safari hii bahasha ilikuwa na jina la Mwanvua. Ndani mlikuwa na mistari miwili: "Wafu hawana nafasi katika programu. Pierre ataingia mahali pa mume wako kwa maneno nitakayomtungia, na neno mtoro litabaki."

Ilikuwa saa nane ya mchana. Jua kali. Uani mchi wa Subira ulikuwa unapiga kinu, polepole, bila kukosea.

Mwanvua alitoa karatasi ya Zuberi sandukuni. Ilikuwa imelowa ikakauka. Waliomwosha kule kivukoni waliikuta katika mfuko wa koti. Akasimama mbele ya kiti cha kamba. Alikuwa na hasira, na hakuwa na mtu wa kumtolea. Basi akamuuliza asiyekuwepo, kwa sauti kubwa, kama alivyozoea:

"Nani aliyekutuma njiani?"

Mchi ulinyamaza.

"Wee mama," Subira alinong'ona kutoka uani. "Usifanye vile. Mchezaji akiulizwa anajibu. Yule hana tena mdomo wa kujibia."

Mwanvua aligeukia mlango wa uani.

Kwenye kiti, mtu alisafisha koo.

Mara moja. Kavu. Kama mtu anayejiandaa.

Kamba za kiti zilivutika. Zikakaa hivyo. Nje jua lilikuwa lilelile, na kuku wa jirani alikuwa anaparua mchanga. Mwanvua alingoja hotuba. Haikuja. Baada ya kitambo kamba zililegea moja moja, kutoka kushoto kwenda kulia.

Mwanamke mwingine angekimbia. Yeye alikaa chini sakafuni, akaandika:

"Bwana Lukonga, karatasi siileti. Unataka maneno ya Zuberi? Siku ya mchezo uliza swali la hakimu. Kisha ungoje."

Faradji aliipeleka posta siku ileile.

Jumapili ya tarehe mbili Mei ilipita Kabambare kimya kabisa. Mwanvua hakula. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alikitazama kiti, nacho kilikuwa kitupu kama kiti chochote.

Ijumaa iliyofuata ilikuja barua ya Sidonie, mwalimu wa kushona, aliyecheza kama mama wa msafiri. Mwanvua alimsomea Subira kwa sauti ya chini.

"Dada Mwanvua, sijui nikuambieje. Uwanja ulijaa. Bwana Théophile alikuwa amesoma barua yako mbele yetu, akaicheka, akasema, basi nitauliza na nitangoja, tumwone huyo mfu. Alipofika kwa swali, aliuliza. Pierre alifungua mdomo. Halikutoka neno. Pierre anasema aliona kama mkono umemfunika midomo, mkono wa baridi. Bwana Théophile akauliza mara ya pili. Akangoja.

"Kisha akasafisha koo. Yeye mwenyewe, Bwana Théophile. Dada, haikuwa koo yake.

"Akajijibu. Sauti ilikuwa ya mume wako, na sisi sote tuliijua. Alisema: Aliyenituma njiani ni Théophile Lukonga. Barua yake ni ya tarehe kumi na moja Machi. Nilimwandikia nina homa, akaniita mwongo. Alitaja siku tano alizotembea, na kila kijiji alicholala. Alitaja maji ya Luama yalikuwa na rangi gani. Akasema: mimi si mtoro. Macho ya Bwana Théophile yalikuwa yanatutazama, yanatuomba, na mdomo unaendelea.

"Bwana Mkubwa alidhani ni mchezo. Alipiga makofi. Watu wote wakapiga makofi.

"Tangu siku ile Bwana Théophile hajasema neno. Tulipofungua daftari Jumatatu, wino mwekundu haukuwepo. Katika ukurasa wa Jumapili, mahali pa kutia saini ukiingia, iko saini ya Zuberi Kalonda. Mahali pa kutia saini ukitoka, hapana kitu. Tulimwandikia sisi wenyewe kwamba ametoka. Asubuhi palikuwa patupu tena. Katika chumba cha kuvalia hakuna anayethubutu kuingia peke yake."

Subira aliinama, akaomba dua. "Jina lake iko safi sasa," alisema. "Mungu amesikia. Tulia, mwanangu."

Lakini Mwanvua hakutulia. Alisimama, na sura yake ilikuwa kali kuliko siku ya barua ya kwanza.

"Walimchukua mzima wakamuua. Sasa amekufa, na bado wamembakiza Kasongo?"

Aliandika barua ya tatu. Hii ilikwenda kwa Zuberi Kalonda, serkle ya Kasongo, na ilikwenda rekomande, yaani kwa kuandikishwa posta, pamoja na risiti ya kurudishwa kwa mtumaji baada ya mpokeaji kutia saini. Faradji alisoma jina juu ya bahasha. Akamtazama Subira. Akaichukua bila kuuliza. Ndani palikuwa na maneno haya tu: "Jina lako limesafishwa. Mchezo umekwisha. Toka, urudi kwako."

Tarehe ishirini na moja Mei, saa nne asubuhi, Faradji alirudi. Hakupiga hodi. Aliweka risiti juu ya jiwe la mlango, akaondoka haraka bila kugeuka nyuma.

Ilikuwa na mhuri wa Kasongo. Ilikuwa na saini, na ile K ndefu ambayo Zuberi aliiandika tangu shuleni. Chini yake palikuwa na maneno mawili ambayo posta haiyaombi: Niko njiani.

Tarehe ilikuwa ya siku nne nyuma.

Subira alihesabu kwa vidole mwendo wa kutoka Kasongo kwa mtu mzima, asiye na homa. Alihesabu tena. Kidole cha nne kilipofika kwenye siku ya leo, aliufunika mkono wake kwa khanga.

Mwanvua alikuwa ameingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevua nguo za eda, amezikunja vizuri, na amevaa kitenge cha buluu.

"Eda haijaisha," Subira alinong'ona. "Imebaki miezi miwili."

"Eda ni ya mjane," alisema Mwanvua, na akaufungua mlango unaotazama barabara.